Washikamawe na Zamu ya Adhuhuri

Mwaka ule mvua za masika hazikunyesha, na za vuli pia hazikunyesha. Mto ulipungua ukawa kijito, kijito kikawa madimbwi, na madimbwi yakaanza kunuka. Wanyama walikunywa wakiwa wamefumba macho.

Katika dimbwi la mwisho walibaki samaki wadogo, wembamba, wenye ndevu fupi na matumbo laini. Waliitwa washikamawe, kwa sababu walijibana kwenye mawe ili maji ya mto yasiwachukue. Kazi yao ilikuwa kula ute wa kijani unaoota juu ya mawe hayo. Hakuna aliyewajali isipokuwa mke wa Kobe, naye alikuwa amefariki mwezi uliotangulia.

Kobe alikwenda kwa Simba. Alifika siku ya pili.

"Mtukufu," alisema, "washikamawe wanakufa. Wakiisha, mvua itakaporudi mawe yote yataota ute, na maji ya mto yatakuwa sumu. Ilitokea hivyo enzi za babu yako. Tulizika watoto wengi."

"Na babu yangu alifanya nini?"

"Alikunywa, mtukufu. Ndiyo maana baba yako alitawala akiwa kijana."

"Waokolewe," alisema Simba. "Na isemwe kwamba nimewaokoa mimi."

Kobe alijua la kufanya. Marehemu mkewe alikuwa akilisema mara nyingi, naye alikuwa akiitikia bila kusikiliza sana. Sasa alikumbuka kila neno.

Aliomba gogo refu la mti ulioanguka, ambalo mchwa walikuwa wamelila ndani likabaki wazi kama mfereji. Wanyama walililaza uani kwake, kivulini, upande mmoja umeinuliwa kidogo. Akatandaza mchanga uliooshwa, kisha akaagiza mawe. Nguruwe alileta mawe yenye ncha, na Kobe akayakataa.

"Matumbo yao hayana magamba," alisema. "Wewe ungelala juu ya miiba?"

"Nimelala mara nyingi," alijibu Nguruwe, lakini alikwenda kuleta ya mviringo.

Mwisho Kobe aliegemeza mawe bapa yawe mapango. Upande wa juu wa gogo aliweka mtungi wenye tundu. Upande wa chini alichimba shimo, akalikandika kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yalitoka mtungini, yakapita juu ya mawe, yakaangukia shimoni. Kutoka shimoni yalichotwa kwa vibuyu na kurudishwa mtungini, tena na tena.

"Mpaka lini?" aliuliza Sungura.

"Mpaka Mungu alete mvua."

"Mzee, si tuwaweke tu ndani ya mtungi? Maji ni maji."

"Hawa ni samaki wa maji yanayokwenda, mwanangu. Maji yakisimama, pumzi yao inakwisha."

Washikamawe wakahamishwa kutoka dimbwini hadi ndani ya gogo, na zikapangwa zamu za kuchota. Sungura aliangukiwa na zamu ya adhuhuri, saa ambayo jua hupasua mawe. Siku ya kwanza alisema masikio yake yanaungua. Siku ya pili alisema yameshaungua. Siku ya tatu Fisi alimfuata akiwa na kibuyu mkononi.

"Ndugu yangu, kapumzike. Zamu yako nitaifanya mimi."

"Kwa malipo gani?"

"Thawabu," alisema Fisi, akalamba midomo.

Sungura alikwenda kulala.

Adhuhuri ndiyo saa ambayo Kobe alikwenda kumwombea mkewe. Kaburi lilikuwa hatua mia mbili kutoka uani. Kwa Kobe hiyo ilikuwa safari ya kwenda na kurudi hadi alasiri.

"Nenda, Mzee," alisema Fisi kwa sauti ya msibani. "Mwombee marehemu. Wanao nitabaki nao mimi."

"Mungu akulipe," alisema Kobe.

Siku hiyo Fisi alikula samaki watano. Kesho yake alikula kumi. Siku ya tano aliingiza mkono kila pango na kukuta mawe matupu, isipokuwa chini ya jiwe moja bapa karibu na mtungi. Hapo washikamawe wachache walikuwa wamejibana kwa nguvu zao zote, naye akachoka kabla yao.

Sasa Fisi aliogopa. Alikwenda kwenye dimbwi la tope ambamo nyati hugaagaa, akachota viluwiluwi wakubwa, watoto wa chura, akawamimina ndani ya gogo. Maji yaliwasomba wote mpaka shimoni. Akawarudisha, wakasombwa tena. Basi akaziba tundu la mtungi kwa tope, akawarudisha katika maji yaliyotuama kati ya mawe. Kazi ya kuziba aliifanya ovyo, kama kazi zake zote, na tone moja moja likawa linavuja juu ya lile jiwe bapa.

Kobe aliporudi alikuta maji yamesimama.

"Nani amezuia maji?"

"Taratibu, Mzee, wamelala," alinong'ona Fisi. "Kelele za maji zinawaumiza vichwa."

"Nina miaka mia na kumi. Sijasikia samaki anayeumwa kichwa kwa sababu ya maji."

"Ulikuwa huwaulizi."

Kobe aliinama juu ya gogo. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini aliona vichwa vikubwa vyeusi ambavyo hakuvijua. Akageuka kwenda kwa Simba. Fisi, ambaye hukimbia, alifika kwanza.

Simba alikuja kutazama. "Mbona vichwa vimekuwa vikubwa?" aliuliza.

"Ni akili, mtukufu," alisema Fisi. "Wanasikia habari zako kutwa nzima."

Simba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kobe, aliyegeuka njiani kuwafuata, alipofika akihema na kusema, "Mtukufu, hawa sio," Simba alimtazama kwa muda mrefu.

"Nilitangaza kwamba nimeokoa washikamawe. Unataka kusema nimeokoa kitu kingine?"

Kobe alikaa karibu na gogo, akaomba. Mtungi ulidondosha tone, kisha tone jingine.

Zamu zikafutwa, na wanyama wakafurahi. Baada ya siku chache viluwiluwi wakaota miguu. Nyani aliuliza kama hilo ni jambo la kawaida kwa samaki. Simba mwenyewe akaja tena.

"Wana miguu," alisema.

"Wanataka kusimama ukipita, mtukufu," alisema Fisi.

"Ni adabu njema," alisema Simba, akatangaza kwamba yeye ndiye mfalme wa kwanza ambaye samaki humsimamia.

Sungura alizisikia habari hizo akiwa kivulini, na usingizi ukamtoka. Yeye hajawahi kufanya kazi ya mwenzake bure, na hakumjua yeyote aliyewahi kufanya hivyo. Alijua pia kwamba zamu ya adhuhuri ilikuwa yake. Ukweli ukitoka bila yeye kuutoa, utaanza na yeye.

Alikwenda kwa Kobe. "Mzee, nisamehe. Nilimpa Fisi zamu yangu."

"Najua," alisema Kobe. "Nami nilimpa baraka. Tumekosa wote wawili. Wewe una miguu, kimbia ukafanye jambo."

Sungura akaenda kwa Simba, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mtukufu, ni aibu samaki wako wakusimamie huku wametazama kila upande. Washikamawe huelekea maji yanakotoka. Ukisimama pale kwenye mtungi na maji yakafunguliwa, wote watakugeukia wewe."

"Wote?"

"Hata mmoja hatakupa mgongo."

"Msifungue!" alipiga kelele Fisi. "Watapata mafua!"

Lakini Simba alikuwa ameshasimama kwenye mtungi, manyoya ya shingo yamechanwa. Wanyama wote wakashika vibuyu, wakajaza mtungi. Sungura akatoa tope kwenye tundu, na maji yakashuka kwa kishindo.

Viluwiluwi wote wakampa Simba mgongo. Walibingirika juu ya mawe, miguu yao mipya ikirukaruka, wakarundikana shimoni. Mmoja, aliyekuwa amekomaa kuliko wenzake, alipanda ukingoni, akajaza koo, akalia.

"Samaki huyu anasema nini?" aliuliza Simba.

"Anasema yeye ni chura, mtukufu," alijibu Kobe.

Hakuna aliyecheka. Simba alikuwa karibu sana.

Ndipo chini ya lile jiwe bapa kikatokea kichwa chembamba chenye ndevu, kisha kingine. Walitoka washikamawe saba, wamekonda, wakajipanga juu ya mawe, nyuso zao zikielekea maji yanakotoka. Aliyetangulia alikuwa mama yao.

"Mzee Kobe," alisema, "tulikuwa ukoo mzima. Wengine aliwala Fisi, saa za adhuhuri. Sisi tuliishi kwa tone."

"Mungu awarehemu waliotangulia," alisema Kobe. "Na ashukuriwe kwa ninyi mliobaki."

Macho yote yakamgeukia Fisi.

"Nilimwonja mmoja tu," alisema Fisi, "nijue kama maji yana chumvi."

"Na wengine?" aliuliza Simba.

"Sikuwa na hakika."

Simba aliamuru Fisi afungwe kapu mdomoni na achote maji peke yake, zamu zote, mpaka mvua irudi. Sungura aliamriwa kusimama kando yake juani na kumhesabia vibuyu. Mvua ilirudi baada ya miezi saba. Washikamawe walipelekwa mtoni, wakazaana, na maji yakawa safi. Watoto walikunywa na hawakuugua. Simba aliagiza isemwe kwamba tangu mwanzo alimshuku Fisi, na ikasemwa.

Wapo wasemao kwamba ndiyo sababu mgongo wa fisi umeshuka nyuma, kwa kupandisha maji muda mrefu. Mungu huumba apendavyo. Lililo wazi ni hili: njia ya mwongo ni fupi.