Kufuli la Bosi Lyatuu

Bosi Lyatuu alikuwa na Landrova refu na roho fupi. Alipotaka kwenda kupiga kambi porini, alimwita dereva wake, Chambulilo, aliyejua pia kushika randa.

"Nitengenezee kabati huko nyuma, lile friji kuukuu la mfuniko wa juu likae ndani. Weka kufuli kubwa, ufunguo kwangu. Kuku wangu, soda zangu. Wewe utakula mihogo mikavu."

"Safari nzima, bosi?"

"Kwani mihogo ina miiba?"

Chambulilo alimeza mate, akashika msumeno. Jioni akarudi. "Bosi, umepungua ubao mmoja. Ninunue?"

"Ununue! Umepungua wapi?"

"Upande unaoegemea kiti."

"Kiti si ukuta tosha? Acha hivyo hivyo, mharibifu wee!"

"Wewe ndiye bosi."

Huko porini, bosi aliporudi kutoka kutazama twiga, alifungua kufuli kwa madaha. Ndani ya friji alikuta soda na mifupa.

"Chambulilo! Kuku wangu!"

"Masikini! Kufuli limevunjwa?"

"Halina hata mkwaruzo!"

"Na ufunguo?"

"Huu hapa shingoni!"

"Basi bosi, tumshuku nani? Kumbuka vizuri, pengine ulikula."

Bosi alifunga tena, akalivuta kufuli kwa nguvu zake zote. "Na mimi sasa nile nini?"

"Mihogo ipo. Haina miiba."

Bosi akaketi kutafuna. Chambulilo akaingia garini, akalaza kiti, ule ukuta wa bosi, akapenyeza mkono kabatini, akachomoa soda ya baridi.