Fisi Mwonja Maji na Mayai ya Chura

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu wasiokula. Nyinyi si mmekula? Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani ambayo bado haijafika. Msinikatie jicho. Iko zamani ya jana na iko zamani ya kesho kutwa. Hii yangu ni ya kesho kutwa.

Basi katika zamani hiyo watu walikuwa wameondoka. Wote. Walichoma, wakamwaga, wakafukia, wakaondoka. Wakaacha mapipa. Mapipa juu ya mapipa, yameshika kutu, yanavuja, tii, tii, tii. Mto ukawa na rangi kama kanga, lakini samaki hata mmoja hamna. Mvua ikinyesha, inanyesha nyeusi. Msitu uliungua ukabaki mkaa mtupu, kutoka bondeni hadi kilimani.

Wanyama waliosalia wakakutana bondeni. Hawakuwa wengi. Alikuwepo Mhanga, yule mwenye pua ndefu na kucha za kuchimbia. Alikuwepo Swala na mtoto wake. Mtoto alizaliwa wakati wa moshi, na mama yake akamwita Masazo, yaani makombo, ili kifo kikipita kimdharau, kimwache. Alikuwepo Bi Chura, mdogo, anaenea kwenye kiganja, tumbo limejaa mayai. Mumewe alikuwepo pia, lakini hakuwa msemaji. Vyura wengine hawakusikika tena. Na alikuwepo Fisi.

Wakaulizana, "Tufanyeje? Tuhame?"

Mhanga akasema, "Tuhamie wapi? Huko tulikotoka ni kama huku huku."

"Basi tukae."

"Tukae. Tujenge upya."

Wakakubaliana. Lakini kukaa ni maji. Mhanga akachimba. Fuku! Fuku! Fuku! Maji yakatoka. Wakasimama ukingoni wakatazamana. Nani aanze?

Ada yetu mnaijua. Anayekupa maji hupiga funda moja mbele yako, ndipo akukabidhi kata. Anakuondolea shaka. Wanyama waliiona ada hiyo kwa watu, wakaichukua. Ni ada nzuri. Lakini ada nzuri nayo hutaka mtu wake.

Fisi akajitokeza, kifua mbele. "Mimi nitaonja. Nikifa, nizikeni. Nikipona, kunyweni."

Sasa nyinyi mmezoea Fisi mlafi, Fisi mjinga, mnaanza kucheka hata hajafanya kitu. Fisi huyu alikuwa jasiri, na aliwapenda wenzake kwa moyo wote. Shikeni hilo.

Akainama. Gubu! Funda moja. Wakangoja. Fisi akanyoosha shingo, akacheka, "Hii-hii-hii! Maji safi! Kunyweni!"

Wakanywa. Chura akataga.

Kulipokucha mayai yalikuwa meupe, meupe pe, yamekufa yote.

Chura akasema, "Maji haya ni mabaya."

"Mabaya vipi? Fisi amekunywa!"

"Na wewe mwenyewe hujapiga hata funda!"

"Mimi sinywi kwa mdomo," akasema Chura. "Nakunywa kwa ngozi. Na ngozi yangu inawasha."

Wakacheka. Hata Swala alicheka. "Anakunywa kwa ngozi! Kesho atakula kwa kisigino!" Mume wa Chura akatazama chini.

Siku zikaenda. Manyoya ya Swala yakaanza kunyonyoka. Wakasema ni upepo. Mhanga akakohoa, kho, kho, kho. Wakasema ni vumbi, si anachimba? Masazo akaacha kurukaruka. Wakasema amekua huyo, ametulia. Ukishaamini jambo, sababu hazikuishii.

Hata hivyo walipata chemchemi kilimani, mbali kidogo na mapipa, wakasema twende tukanywe ile. Fisi akatangulia. Safari hii alipiga mafunda mawili, gubu, gubu, ili awe na hakika. "Hii-hii-hii! Maji safi! Kunyweni!" Wakanywa. Chura akataga tena, maana mayai hayamngoji mwenyewe. Yakageuka meupe pe.

Chura alilia. Alilia kwa sauti, kro, kro, kro, kutwa nzima. Hakuna aliyecheka, kwa sababu siku hiyo hiyo Masazo alijaribu kusimama, akashindwa.

Swala akamwendea Chura. Akapiga magoti, shingo yake ndefu ikagusa majivu. "Dada, nilikucheka. Nisamehe. Mwanangu anakwisha. Sema, nitakusikiliza."

"Waite wote," akasema Chura.

Wakaja. Chura akaruka juu ya pipa kuukuu, tapu! Akamtazama Fisi.

"Kaka Fisi, nina maswali. Hasira sina."

"Uliza, shemeji."

"Umewahi kula kwato?"

"Kwato ni tamu."

"Na ngozi kavu?"

"Nakula."

"Na kiatu cha mtu?"

"Nilikula viwili. Cha kushoto kilikuwa na chumvi."

"Na tairi la gari?"

Fisi akajikuna. "Nusu. Nusu nyingine niliweka ya kesho."

"Uliumwa?"

"Kuumwa? Mimi?" Fisi akacheka, hii-hii-hii. Kisha kicheko kikakatika katikati. Yalisikika mapipa tu, tii, tii, tii.

Swala ndiye aliyesema. "Tumeliuliza jiwe kama mvua ina baridi."

Masikio ya Fisi yakalala. "Kwa hiyo nimewaua?"

"Bado hujatuua," akasema Mhanga, kho, kho. "Na kukuchagua tulikuchagua wenyewe. Hatukuuliza tumbo lako likoje."

Lakini Fisi aliona haya. Haya kubwa, ile inayochoma masikio. Akafyata mkia, akapotea nyuma ya mawe.

Chura akawageukia waliobaki. "Nisikilizeni. Nina mayai ya mwisho tumboni. Nikiyapoteza haya, bonde hili halitasikia chura tena. Sitayataga kwa kuamini kicheko. Kuna mahali chini ya msitu ulioungua, maji hupita kwenye mkaa na mchanga kabla ya kutoka. Niliweka kidole pale. Panawasha, lakini kidogo. Mkaa unashika sumu. Basi tuweke mkaa mwingi, na mchanga mwingi, maji yapite polepole."

"Na tukiweka, nani aonje?" akauliza Mhanga.

"Nitaonja mimi. Kwa kidole, kisha kwa mayai."

Mume wa Chura akasema neno lake la kwanza katika hadithi hii. Akasema, "Sawa."

Kazi ikaanza. Mhanga akachimba shimo refu chini ya chemchemi ile ya kilimani, na chini ya shimo akachimba kidimbwi. Wakashusha kokoto. Wakashusha mchanga. Wakaburuta mkaa kutoka msituni, magogo meusi mazito. Kiu ilipowabana hawakuigusa chemchemi. Walilamba umande kwenye mawe, alfajiri, kabla jua halijaunywa. Swala alilamba, akaenda kuutema mdomoni mwa Masazo, akarudi kazini.

Wakaimba. Nanyi imbeni nami, msikae tu kama mizigo:

*Tia mkaa, tia mchanga,*
*Maji yaende kinyonga kinyonga!*
*Tia mkaa, tia mchanga,*
*Atakayekunywa ni yule mchanga!*

Wakayaachia maji. Shwaa! Yakapita mbio. Chura akatia kidole kidimbwini.

"Inawasha."

"Kwa nini?"

"Mkaa ni mapande makubwa. Maji yanapita pembeni. Lazima usagwe."

Swala akaanza kuuponda kwa kwato. Chaka, chaka, chaka. Kwato za Swala ni nyembamba kama vijiti. Pande moja, asubuhi nzima. Kwato ikapasuka, damu ikatoka, akaendelea. Mhanga akamwambia, "Pumzika." Swala akasema, "Masazo hapumziki kufa."

Ndipo wakasikia, nyuma ya mawe: Kacha! Kacha! Kacha!

Wakageuka. Ni Fisi. Ameketi kati ya magogo yaliyoungua, anayavunja kwa meno. Mdomo wote mweusi, pua nyeusi, anatafuna na kutema, anatafuna na kutema. Mbele yake chungu ya unga wa mkaa, laini, imefika magotini.

"Umeanza lini?" akauliza Mhanga.

"Tangu mlipoanza kuponda." Fisi hakuinua macho. "Meno haya yamevunja kila kitu cha upuuzi hapa duniani. Acheni yavunje kitu cha maana. Leteni mwingine."

Wakaleta mwingine. Kacha! Kacha! Unga ukajaa shimo, ukafunikwa kwa mchanga. Wakayaachia maji. Yakashuka tone, tone, tone. Kidimbwi kikajaa polepole, na maji yakang'aa hata ukaona chini. Mbona walifurahi! Mhanga akapiga makofi kwa kucha zake.

Chura akatia kidole. Akangoja. "Inawasha. Kidogo."

"Kidogo!" akasema Mhanga. "Bi Chura, tumechoka. Kidogo si kitu. Kidogo tutazoea."

Chura akatazama kidole chake. Alikuwa amechoka kuliko wote, na tumbo lilikuwa zito, mayai yanataka kutoka leo, si kesho. Labda angekubali. Mimi ningekubali.

Fisi akasema, "Tupa."

"Nini?"

"Tupa mkaa wote. Huu umeshiba sumu. Tuweke mpya, mara mbili ya huu." Akageukia msitu. "Mimi ndiye niliyewafundisha kuzoea. Haya, tupeni."

Wakatupa. Wakaanza upya, kwa midomo iliyokauka. Kacha! Kacha! Fuku! Fuku! Wimbo ulikuwa umewaishia kooni, kwa hiyo tuwaimbie sisi:

*Tia mkaa, tia mchanga,*
*Maji yaende kinyonga kinyonga!*

Tone, tone, tone. Kidimbwi kikajaa. Chura akatia kidole. Akatia mguu. Akaingia mzima, pwata! Akazama. Kimya. Kimya mpaka Swala akafumba macho.

Kro!

Chura akaibuka. "Haiwashi," akasema.

Siku hiyo alitaga, na mumewe pembeni yake. Wanyama wakaketi ukingoni. Kiu imewakaba, maji yapo puani, na hakuna aliyeyagusa. Hata Mhanga. Waliendelea na umande wao, wakarudi kutazama mayai.

Mengine yaligeuka meupe. Siwadanganyi. Swala alipoyaona alikaa chini. Lakini mengine yalibaki meusi katikati, doa dogo jeusi kama mbegu ya ufuta. Likarefuka. Likapinda. Kisha asubuhi moja, doa likatikisika. Tik!

"Umeona?" akanong'ona Fisi.

Tik! Tik! Likatoka lenye mkia. Likatoka jingine. Viluwiluwi, wanaogelea, wanagongana, hawajui kwamba bonde zima linawatazama na kulia.

Chura akasema, "Sasa. Masazo kwanza."

Swala akambeba mwanawe kwa mdomo, akamweka ukingoni. Masazo akalamba. Akalamba tena. Akanywa, na viluwiluwi wakampitia puani, akapiga chafya, mama yake akacheka kwa machozi. Hakusimama siku hiyo. Siku nyingine alisimama, mguu mmoja umepinda kidogo, na ukabaki hivyo maisha yake yote. Lakini alikimbia nao.

Akanywa Swala. Akanywa Mhanga, kikohozi kikashuka. Fisi alikuwa amesimama nyuma kabisa, mdomo mweusi, ulimi nje.

"Kaka Fisi," akaita Chura. "Njoo unywe. Wewe ni wa mwisho, na hiyo ndiyo heshima yako. Tukikuona unakunywa, tutajua wadogo wote wameshakunywa."

Fisi akaja. Gubu! Akanyoosha shingo. Safari hii hakutangaza kitu. Alicheka tu, kwa sababu maji yalikuwa matamu. Kisha akajifuta, akauliza, "Haya, shimo la pili tunachimba wapi?" Maana mto ulikuwa bado mchafu, na mapipa yalikuwa bado yanavuja, tii, tii, tii.

Mdomo wa fisi ni mweusi kwa sababu ya mkaa ule. Naona mmoja ananyoosha kidole. Anataka kusema, "Lakini mdomo wa fisi ni mweusi hata leo, na hadithi ni ya kesho kutwa." Wewe kaa chini. Huenda Fisi ameanza kazi mapema kuliko sisi.

Mafunzo ni haya, na nayasema waziwazi ili mkubwa asijifanye hakusikia: usipime sumu kwa tumbo la mwenye nguvu. Ukitaka kujua kama maji ni salama, muulize aliye mnyonge kuliko wote, na akikwambia yanawasha, tupa mkaa uanze upya.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kidimbwi cha viluwiluwi. Nipeni maji, koo limekauka. La, si mimi kwanza. Mpeni yule mdogo kule mwisho.