Mtoto wa Donata Aliyenukia Uchachu

— Hadithi, hadithi!
— Njoo mezani!
— Nipakue?
— Pakua!
— Ya jana au ya moto?
— Ya moto, hata ituunguze!

Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna kiazi, tafuna polepole, nisikie sauti yangu mwenyewe.

Hapo kale, kusini mwa nchi ya Waitalia, kwenye vilima vya mawe vya Lukania, palikuwa na mji mdogo wenye tanuri moja tu. Mji mzima, tanuri moja! Kila nyumba ilikanda mkate wake, ikaupiga muhuri wake wa mti, huyu jogoo, huyu ufunguo, huyu nyota, kisha ikaupeleka kuokwa. Ukitoka, unajua wako ni upi. Waliula na pilipili nyekundu tamu, zilizotungwa kwenye uzi, zikakaushwa juani, zikakaangwa kwa mafuta ya zeituni mpaka zinavunjika mdomoni: kwacha, kwacha! Mnameza mate? Mezeni tu, bado sijafika.

Mkate ule uliumuka kwa chachu, donge la unga uliochacha. Unalilisha unga na maji kila siku, nalo linaishi. Ukilinyima, linakufa. Donge zuri kuliko yote lilikuwa la Donata, mke wa mchunga kondoo, mwenye muhuri wa jogoo. Aliachiwa na mama yake siku ile anakata roho.

"Vingine vyote vikipotea utapata vingine," mama alimwambia. "Chachu hii ikifa, mwanangu, utakuwa umenizika mara mbili."

Sasa, tanuri lilikuwa na mwenyewe. Bwana Gaspare! Tumbo kubwa, roho ndogo. Siku moja akamtuma msimamizi wake, Eustakio, apige mbiu: "Chachu zote za mji ziletwe ghalani kwa Bwana! Kuanzia leo mkate ni wa Bwana, na muhuri ni wa Bwana! Anayetaka mkate alete gunia la ngano!"

Gunia zima kwa mkate mmoja! Watu walilia, jamani. Eustakio akapita nyumba hadi nyumba, akakomba chachu, akazitupa zote kwenye pipa moja. Donata akalikumbatia donge lake, machozi yanamtoka. Kisha akayafuta. Akachukua kitambaa, akalifunga donge vizuri, mikono ndani, miguu ndani, akalilaza kwenye susu ya mtoto, akaanza kubembeleza:

*Lala mwanangu, lala,*
*unga nimekupa, lala,*
*ukiamka ukue, ukue,*
*mji mzima ushibe.*

Eustakio akaja. Akapekua sinia la kukandia. Hakuna kitu.

Akaja tena. Akatia mkono kwenye mtungi wa unga mpaka kwapani. Hakuna kitu. Akatoka mweupe kama mzuka.

Akaja mara ya tatu. Akachungulia uvunguni, akainuka, akaiona susu. Kitambaa kinapanda, kinapanda.

"Ni nini hicho?"

"Mwanangu."

"Mimba uliibeba lini?"

"Ulikuwa unatazama matumbo yetu wewe, au mitungi yetu?"

Eustakio akainama, akanusa. "Mbona ananukia uchachu?"

"Kacheua maziwa. Kwani hujawahi kulea, baba? Na usimfunue, ana surua."

Weee! Alivyoruka Eustakio, kizingiti alikivuka bila kukigusa.

Mnajua mtoto akizaliwa inakuwaje. Majirani wakaja kumwona. Akaingia wa kwanza mikono mitupu, akamegewa donge, akatoka amebeba kichanga. Akaingia wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Wiki haijaisha, kila nyumba inabembeleza, *lala mwanangu, lala*, hata kwa Bibi Inkoronata, ambaye hana jino hata moja.

"Hata wewe, bibi?" Eustakio akashangaa.

"Muulize babu."

Babu akakohoa kidogo, akanyoosha kola yake. Msicheke, mzee alikuwa na siku yake!

Eustakio akakimbia kwa bwana wake. "Bwana, mji mzima umezaa!"

Bwana Gaspare akasugua mikono. "Midomo mipya! Yote itakula mkate wangu. Waletwe tanurini Jumapili, kama ilivyo desturi."

Desturi yenyewe ni hii, isikilizeni. Kule kila kichanga hupelekwa mbele ya mdomo wa tanuri, na mwenye tanuri humtamkia maneno, yaleyale ya tangu enzi. Na neno lililosemwa mbele ya moto ule halirudi nyuma. Mwenye tanuri akilirudisha, hakuna mtu atakayemletea kuni tena, wala maji, wala salamu.

Jumapili ikafika. Asubuhi kina mama wakawaongezea vichanga wao unga, wakawafunga upya, wanene kwelikweli. Donata akatangulia. Akijikwaa tu, kitambaa kikafunguka mapema, mama yake kazikwa mara ya pili. Akapanda ngazi taratibu, akasimama mbele ya moto.

Bwana Gaspare akatunisha kifua, akanguruma ili hata walioko nyuma wasikie:

"Uliyembeba ni wako! Mkono wa mtu usimtoe kwako! Na tanuri hili ni lake, leo na siku zote!"

"Mmesikia?" Donata akawauliza watu.

"Tumesikia!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

Akafungua kitambaa. Donge jeupe likatutumka, likahema, likajinyoosha. Akachomoa muhuri wa jogoo kifuani, akalipiga papo hapo.

"Bwana, ni chachu!" Eustakio akapiga kelele.

"Naona ni chachu, mpumbavu wee, nina macho!" Bwana Gaspare akanyoosha mkono alishike. Akawatazama watu, watu wakamtazama yeye, kisha wakautazama moto. Mkono ukarudi mfukoni wenyewe.

Basi vitambaa vikafunguka, kimoja baada ya kingine. Ufunguo! Nyota! Bibi Inkoronata na mwezi wake mkongwe! Tanuri likajaa, harufu ikashuka bondeni mpaka wachunga kondoo wakayaacha makundi. Mikate ikatoka imevimba, imekauka vizuri juu, na pilipili zikakaangwa, kwacha, kwacha, watu wakala huku wanacheza. Donata alilia tena, lakini safari hii alilia anacheka, mdomo umejaa.

Na pipa la Bwana Gaspare? Alikuwa amelifungia ghalani, akaona ubahili kulilisha unga. Chachu zote zilikuwa zimekufa njaa. Mkate wake ulitoka kama kigae. Akaubeba, akaugonga ukutani, ukuta ndio uliobomoka.

Jua halijatua, akaja mwenyewe mlangoni kwa Donata, kofia mkononi.

"Mama, nipe kidonge cha chachu tu."

Donata akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha akakata kipande, akakifunga kitambaani, mikono ndani, miguu ndani, akamwekea kifuani.

"Mlee, baba. Mlishe kila siku. Na umbembeleze, tena kwa sauti, tuwe tunakusikia."

Tangu siku ile, ukipita chini ya dirisha la Bwana Gaspare, unasikia sauti nene inakwaruza: *Lala mwanangu, lala, unga nimekupa, lala…*

Chungu nimekiepua, moto nimeuzima. Aliyeshiba apige makofi. Mwenye njaa bado, akakande wake.