Kwa Nini Ukuta Una Mstari Mweusi Kiunoni

Wekeni brashi chini kwanza. Elinazi, mwanangu, weka na hilo kopo lako la rangi ya chungwa. Nawe Penina, mkwe wangu, funika hiyo bluu yako isikauke. Ukoo mzima tumekuja kuwapakia nyumba, tumekunja mikono ya mashati tangu asubuhi, na nyinyi wawili mmenuniana juu ya rangi ya chini, kila mtu na kona yake. Basi na mimi nakaa juu ya hili debe, wala siinuki mpaka niwaambie kwa nini nyumba zote za huku milimani, za udongo na za tofali, zina rangi iliyokolea chini, nyeupe juu, na mstari mweusi katikati. Mnapita mbele yake kila siku na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapo kale nyumba ilikuwa na rangi moja tu, kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa paa. Upande huu wa bonde udongo ni mwekundu, mnaujua, unang'ang'ania miguuni hata ukioga, na nyumba zote za huku zilikuwa nyekundu tupu. Ng'ambo kule kwenye miamba kuna udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo, na nyumba za huko zilikuwa nyeupe tupu. Watu wa pande hizi mbili walikutana siku ya gulio, wakabadilishana ndizi na mbuzi, wakaulizana hali, kisha kila mtu akarudi kwao kabla jua halijazama. Hakuna aliyewahi kulala ng'ambo, na hakuna aliyejua wenzake wanazikana vipi.

Wa kwanza kuvuka kwa ajili ya ndoa alikuwa Nakijwa, binti wa upande mweupe. Mrindoko, kijana wa huku kwetu, alimwona gulioni akimcheka mbuzi aliyegoma kuuzwa, na kicheko hicho hakikumtoka tena. Wazee walipinga, wakachoka, wakakubali. Mrindoko akajenga nyumba, akasimamisha nguzo, akafunga fito, akaezeka, wakakandika kuta. Kilichobaki kilikuwa kusiliba tu, yaani kupaka ule udongo laini wa mwisho unaoipa nyumba rangi yake, kisha bibi arusi awashe moto kwenye mafiga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shida. Siku hizo nyumba isiyowashwa moto haikuwa nyumba. Bibi arusi alilala kwa shangazi wa mume, mume akalala kwa mama yake, wakakutana mchana kazini tu. Moto haukuwashwa mpaka kuta ziwe zimesilibwa zote. Na mvua ya kwanza ya masika ikiikuta nyumba haijatoa moshi, ndoa ilikuwa imekwisha: mwanamke alirudi kwao na nyumba ikaachwa ianguke yenyewe. Tena kulikuwa na mwiko mmoja mkubwa kuliko yote. Mbele ya nyumba isiyowashwa moto, kifo hakitajwi. Hata mtu akifiwa siku hiyo, alikwenda kulilia mbali.

Siku ya kwanza ya kusiliba, Mrindoko alikanyaga udongo mwekundu, akauchanganya na kinyesi cha ng'ombe, akaanza ukuta wa mbele. Alikuwa amechagua udongo mkali kuliko wote, ule wa kingo za kijito, kwa sababu alitaka nyumba ya mke wake ionekane kutoka ng'ambo. Nakijwa alirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani, akauona ukuta, akasimama. Alisema kwa upole kwamba rangi ile haitaki. Mrindoko alicheka, akamwambia ataizoea. Jioni ile Nakijwa hakula.

Kesho yake Mrindoko alipokwenda kukata nyasi za ng'ombe, mkewe alichukua udongo mweupe aliokuja nao kutoka kwao, akapaka juu ya wekundu. Mrindoko aliporudi aliuona. Alisubiri mkewe aende mtoni, akapaka nyekundu tena. Ikawa ndiyo kazi yao. Mmoja akitoka, mwingine anapaka, unyevu juu ya unyevu, mpaka ukuta ukawa na rangi ya ufizi na ukagoma kukauka. Vipande vikaanza kumeguka vyenyewe. Majirani wakawa wanapitia njia ile hata wasipokuwa na safari.

Mtasema walikuwa wakaidi. Nami nilisema hivyo nilipokuwa msichana, bibi yangu akanifinya. Kwao Nakijwa, nyumba ilipakwa nyekundu siku moja tu: siku aliyolazwa maiti ndani yake. Wekundu ulikaa mpaka baada ya maziko, kisha ukakwanguliwa. Na huku kwetu, nyumba ilipakwa nyeupe siku moja tu, na siku hiyo ndiyo hiyohiyo. Kila mmoja alikuwa anaona mwenzake anamtengenezea nyumba ya maiti. Kusema hawakuweza, mwiko uliwafunga mdomo.

Nanyi mtaniuliza, na nimeliona swali usoni kwako Penina, kwa nini hawakwenda mtoni, mbali na ile nyumba, wakaelezana. Kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anajua. Nani duniani asiyejua maana ya nyekundu? Nani asiyejua maana ya nyeupe? Kitu ulichokijua tangu unanyonya, hukuelezwa na mtu, nawe hufikirii kumweleza mtu. Basi Nakijwa hakuona mume asiyejua. Aliona mume anayejua, anayecheka, na anayepaka.

Hofu ikaingia mahali pa hasira, na hofu ni mbaya zaidi. Mama yake Mrindoko alimwambia mwanawe jikoni kwamba mwanamke anayempakia mumewe nyeupe anajua anachokitafuta. Mrindoko akaanza kuitazama mikono ya mkewe anapomletea maji. Akayapokea, akayaweka chini, akayamwaga mkewe akishampa kisogo. Nakijwa aliliona tope pale alipoyamwaga. Naye alianza kukaa upande wa mlangoni kila wanapokuwa wawili, na usiku kwa shangazi alilala amevaa mkufu wake wa safari, tayari kuondoka. Mama yake akatuma ujumbe kutoka ng'ambo kwamba mkeka wake bado upo mahali pake, arudi. Na kilichonisikitisha mimi siku zote ni kwamba hakuna aliyetaka kuachana. Mrindoko aliweza kusema kinyume chake mbele ya wazee, kisha akaenda kusimama nyuma ya zizi akalia. Alimpenda yule mwanamke na alimwogopa, vyote kwa pamoja.

Mawingu yakajikusanya juu ya miamba. Wazee wa huku wakatoka wakakaa kilimani mkabala na ile nyumba, na wazee wa ng'ambo wakaja nao wakakaa, pande mbili mbali mbali, wote wakitazama paa kama litatoa moshi. Upepo ukageuka. Harufu ya mvua ikafika kabla ya mvua.

Asubuhi hiyo Nakijwa alifika na mzigo wake umefungwa. Alisimama mbele ya nyumba, akautazama ukuta uliochafuka, akaukwangua kwa ukucha. Nadhani angeondoka. Lakini akamwona Mrindoko ameshapiga magoti kwenye kona, anasiliba nyekundu kwa haraka kutoka chini, na kitu kikampanda. Akatupa mzigo, akaegemeza ngazi, akapanda hadi kwenye ukingo wa paa na kibuyu chake cha udongo mweupe, akaanza kupaka kutoka juu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mrindoko alipaka akizunguka nyumba chini, Nakijwa akimfuata juu, akihamisha ngazi kwa hasira, kila mmoja akitaka aimalize nyumba kabla ya mwenzake. Ngurumo ya kwanza ikapiga. Wakapaka kwa mikono miwili. Wakazunguka nyumba yote, wekundu ukipanda na weupe ukishuka, mpaka mikono yao ikagongana kwenye usawa wa kiuno, karibu na mlango, na hapakuwa tena na ukuta wa kupaka.

Mrindoko aliinua kiganja chenye udongo mwekundu kufunika ule weupe. Nakijwa akamshika kifundo cha mkono. Mama mkwe alikuwa amesimama karibu, na maneno yao yametufikia kupitia kwake.

"Unataka nife, Mrindoko?" Nakijwa akauliza.

Mama mkwe aliziba masikio, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, mbele ya nyumba isiyowashwa moto. Mrindoko alibaki na mkono wake hewani.

"Mimi?" akasema. "Wewe ndiye unayenizika. Kila siku unanipakia nyeupe."

"Nyeupe ni ya walio hai. Nyekundu ndiyo ya maiti."

"Nani kakwambia?"

"Baba yangu nilimwona amelala ndani ya nyekundu," Nakijwa akasema. "Nilikuwa mdogo. Nikawa naingia namwamsha."

Mrindoko akakaa chini, palepale kwenye tope. Akamwambia kwamba yeye ndugu zake wawili walitolewa katika nyumba nyeupe, na kwamba tangu siku hizo akiona chokaa tu mdomo unamkauka. Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu siku ya gulio, na kila mmoja alikuwa ametapakaa udongo wa mwenzake hadi kwenye nyusi.

Tone moja likaanguka begani kwa Nakijwa. Wote wawili waliliona. Mrindoko aliinuka akakimbilia kaa la moto kwa mama yake, Nakijwa akaingia ndani kupanga kuni. Kuni zilikuwa zimevuta unyevu, zikagoma. Nakijwa akachomoa nyasi kavu kwenye mzigo wake, zile alizofungia vibuyu vyake vya safari, akazisukumia kwenye mafiga. Mrindoko akapuliza mpaka macho yakamtoka. Juu ya paa matone yalianza kusikika moja moja, kisha mengi kwa pamoja, na katikati ya hayo moshi ukapenya kwenye nyasi za paa ukapanda.

Kipi kilitangulia, moshi au mvua? Wazee kule kilimani waligombana papo hapo, huku wananyeshewa. Wa ng'ambo walisema mvua, wa huku walisema hawana hakika. Wakamwita mama mkwe, aliyekuwa karibu kuliko wote. Yule mama alikuwa bado ana machozi kwa yale aliyoyasikia pale ukutani. Alimtazama mkwe wake mlangoni, amesimama na masizi shavuni, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba moshi ulitangulia. Mimi nadhani alidanganya. Nadhani hata wazee walijua, lakini walikuwa wamelowa na walitaka kwenda nyumbani.

Mvua ilinyesha mpaka jioni. Ilipokatika watu walikuja kuona nyumba imeharibika kiasi gani. Chini, mvua ilikuwa imerusha tope jekundu kwenye ukuta mwekundu na hakuna kilichoonekana. Juu, weupe ulikuwa umekingwa na paa, haukuguswa, na chini ya ukingo wa paa palikuwa na mwanga kuliko nyumba yoyote ya huku. Ni pale katikati tu, pale mikono ilipogongana, ndipo palikuwa pameparuzwa vibaya, rangi ya ufizi. Nakijwa alikwangua masizi ya chungu cha kwanza alichopikia, akayakoroga na maji ya mlenda yashike. Akampa mumewe nusu. Wakaanzia mlangoni, mmoja akaenda kulia na mwingine kushoto, kila mtu akiburuta vidole juu ya ule mshono, wakakutana nyuma ya nyumba. Mrindoko alikuwa mrefu, mstari wake ukafika juu kidogo ya wa mkewe. Walicheka, wakauacha vivyo hivyo.

Kuanzia mvua ile, hakuna nyumba ya huku wala ya ng'ambo iliyorudi kuwa ya rangi moja. Chini hukaa rangi iliyokolea, juu nyeupe, na katikati maarusi wenyewe huvuta mstari wa masizi, kila mmoja kwa upande wake, na kabla hawajauvuta huulizwa kila mmoja anaogopa nini. Hapo kifo kinatajwa, na chochote kingine, na hakuna anayeziba masikio. Na mstari usipokutana sawa nyuma ya nyumba, haurekebishwi.

Nyuma ya kwangu haukukutana. Wa marehemu mume wangu uko chini ya wangu, upana wa kiganja, maana yule mzee hakuwa mrefu, na aligoma kusimama juu ya kigoda watu wanamwona. Wanangu walipoleta rangi ya dukani niliwaruhusu wapake kuta zote isipokuwa pale. Asubuhi nikienda kuokota kuni napitisha kidole kwenye wa kwake mpaka unapoishia.

Haya. Penina, anza wewe. Hilo chungwa la mume wako, ukiliona, unaona nini? Elinazi, nyamaza umsikilize mpaka mwisho, zamu yako inakuja. Na wengine, msikae mnanitazama. Mmoja akakwangue masizi ya ile sufuria kubwa, mawingu kule juu yameshaanza kuwa meusi.