Pilau ya Mawemakavu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na Bunge lao, wabunge wao na vitambi vyao, aliishi Pimbi, mbunge wa kijiji cha Mawemakavu. Mnamjua Pimbi? Kadogo, kanene, hakana hata mkia. Lakini usimwone vile.

Mawemakavu hakukuwa na maji. Maji yalikuwa mtoni kwa Mamba, mwendo wa asubuhi nzima. Juzi tu, Tunu, binti yake Pimbi, alikwenda kuchota akarudi mbio, mkononi ana mshikio wa ndoo peke yake. Ndoo yenyewe Mamba aliitafuna, kacha! kacha!

"Baba," Tunu akasema, "siku nyingine hatakosea. Atanishika mimi."

Chakula kikamshinda Pimbi. Alimpenda mtoto yule kuliko ubunge wake, na hilo, wanangu, kwa mbunge si jambo dogo.

Mtasema, si wachimbe kisima? Thubutu! Sheria ilisema hakuna kuchimba kisima bila ruhusa ya Bunge. Na huko Bungeni kulikuwa na Tembo, kiongozi wa Wala Nyasi, na Simba, kiongozi wa Wala Nyama. Tembo akisema ndiyo, Simba anasema siyo. Simba akisema kumekucha, Tembo anasema bado giza. Muswada wa Visima vya Vijijini ulikuwa umezikwa mara nyingi hata ukalizoea kaburi lake.

Basi siku moja Pimbi akasimama Bungeni. Bunge lilikaa kando ya ziwa, na waheshimiwa walikuwa wamekunywa maji hadi yanawachuruzika videvuni.

"Mheshimiwa Spika!"

Spika alikuwa Kobe. Akatoa kichwa kwenye gamba, akapiga mwayo. "Sema, lakini kwa kifupi. Kifupi kama wewe."

Kicheko! Kwa kwa kwa! Fisi alicheka mpaka akajamba.

"Mheshimiwa Spika, wananchi wangu wameridhika mno na kazi ya Bunge lako tukufu. Wanawaalika nyote Mawemakavu, kesho mchana, kwenye pilau."

Kicheko kikakatika.

"Pilau?" Simba akauliza, masikio yamesimama. "Ya nyama?"

"Ya nyama kwa Wala Nyama, ya maboga kwa Wala Nyasi."

Nyama ya nani? Mimi sikuuliza, na nyinyi msiulize.

"Naunga mkono!" Simba akanguruma.

"Mimi niliunga mkono kabla yake!" Tembo akapiga tarumbeta. Paaaa!

Kesho yake wakafunga safari, jua la utosi, vumbi hadi kwenye kope. Kobe walimpandisha mgongoni kwa Tembo, maana kwa mwendo wake angefika pilau imeota ukungu. Walipotokea Mawemakavu, ndimi zilikuwa nje.

Wakakuta masufuria makubwa makubwa yamejipanga mafigani, yamefunikwa. Pembeni kitunguu kinakaangwa, chwaaa, na bizari, na mdalasini. Harufu ya kumtoa nyoka pangoni!

"Karibuni waheshimiwa, karibuni sana," akasema Bi Rehani, mke wa Pimbi, huku akipiga goti. "Kila kitu tayari. Bado maji tu."

"Maji gani?" Simba akauliza.

"Ya kupikia, baba. Na ya kunawa. Na ya kunywa, kama mna kiu."

"Sasa si mlete!"

"Yako mtoni. Mtu akitoka sasa hivi, na Mamba akimhurumia, tutakula kesho."

"Kesho!" Fisi akazimia. Pu!

Pimbi akajikuna kisogo kama zuzu. "Maji yapo hapa hapa chini ya mwamba, tunayasikia. Ila mwamba unataka mwenye pembe, na kifusi kinataka mwenye makucha. Halafu sheria hairuhusu. Sheria mnaijua nyinyi, waheshimiwa, sisi ni watu wa kijijini."

Tembo akamtazama Simba. Simba akayatazama masufuria.

"Spika yupo hapa," Simba akasema polepole. "Spika alipo ndipo Bunge lilipo. Uletwe muswada!"

"Naunga mkono," akasema Tembo, na masikio yake mwenyewe hayakuamini.

"Lakini wa kisima hiki kimoja tu!" Simba akadakia.

Pimbi akavifikiria vijiji vilivyobaki. Kimoja? Na watoto wa vijiji vingine wakaliwe na Mamba? Akajikuna tena kisogo.

"Sawa, Mheshimiwa. Ila sijui nitawaambia nini Swala wa kijiji cha pili. Nao wanataka kuwaalika. Wao wanasema pilau ni ya wanyonge, watapika biriani."

"Biriani?"

"Biriani."

"Kila kijiji!" wakapayuka Simba na Tembo kwa pamoja, mara ya kwanza tangu wazaliwe.

Kobe akakohoa. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki?"

Tumbo la Fisi likanguruma, nguruuu.

"Hilo silihesabu," akasema Kobe. "Sheria imepita!"

Weee, mngewaona! Tembo anautindua mwamba kwa pembe, ko! ko! Simba anafukua kifusi, paru! paru!

"Hebu nisogezee hilo jiwe, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Simba huyo, anamwambia Tembo!

Mara, pwaaa! Maji yakaruka, yakamlowesha Spika mpaka ndani ya gamba. Tunu akawa wa kwanza kupiga magoti na kunywa. Pimbi akamtazama mwanawe anakunywa bila kugeukageuka nyuma, machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Sasa pilau!" Simba akafunua sufuria. Mawe. Akafunua la pili. Mawe! Akayafunua yote, mawe matupu, na kikaango kimoja cha kitunguu.

"PIMBI! Pilau iko wapi?"

Pimbi alikwisha kupanda juu ya mwamba, mlango wa pango nyuma yake.

"Tunaomba subira, Mheshimiwa. Pilau iko kwenye mchakato."

"Mchakato gani?"

"Ule ule mliotuambia maji yetu yako kwenye mchakato."

Wanakijiji wakaangua kicheko. Simba akanguruma kwa hasira. "Hoja! Sheria hii ifutwe sasa hivi!"

"Napinga!" akasema Tembo.

Hata Tembo mwenyewe akashtuka, mkonga ukabaki hewani. Lilimtoka kwa mazoea.

"Unapinga nini, na wewe hujala?"

"Sijui! Lakini ukisema ifutwe, mimi nasema ibaki!"

"Pande mbili hazikubaliani," Kobe akakata shauri. "Sheria haifutwi. Bunge limeahirishwa, nina njaa."

Wakaondoka wakizozana njia nzima. Sheria ikabaki: kwa Swala wanakijiji wakachimba, kwa Kanga wakachimba, kila kijiji kikapata kisima. Mamba kule mtoni alikaa kusubiri ndoo na wachotaji wake, hata leo anasubiri, na mimi nimewaachia hapo.

Mkubwa usishindane naye kwa nguvu, mshike kwa tamaa yake.