Mwanamke wa Dirishani

"Auzaye picha huuza na macho." Mmeisikia sokoni, mkacheka, sasa mnaniuliza ni macho ya nani. Methali hii ilianza hivi.

Gari la mnunuzi lilikuwa limeshashika barabara kuu, picha zote za kilabuni zimefungwa kamba nyuma, na Bi Kalunde amesimama mlangoni akiwaza mabati. Kilabu chake cha pombe ya mtama kilikuwa kando ya stesheni, paa la nyasi, linavuja. Ukutani alikuwa amebandika picha za kuchapwa alizonunua kwa wachuuzi: simba, nguva, mabondia, na mwanamke wa kanga ya njano akichungulia dirishani. Moshi ulikuwa umezikausha rangi. Mnunuzi alisema huko mjini watu wa hoteli wanazipenda hivyo hivyo, na moshi wake.

"Na huyu wa dirishani, hana mwenyewe?" alikuwa ameuliza akizibandua.

"Karatasi tu hiyo, kaka. Beba."

Mwenyewe alikuwepo. Mzee Mihayo, mnywaji wa pale wa siku zote, alikuwa na binti, Wande, aliyefia mbali kwenye mashamba ya mkonge, akazikwa na wageni. Baba hakuliona kaburi, wala hakuachiwa picha. Lakini mwanamke yule wa karatasi alikuwa na shingo ya Wande, na namna yake ya kuinamisha kichwa. Basi kila akija, kabla hajaonja, Mihayo alimwaga pombe kidogo chini ya picha, kama watu wawamwagiavyo wafu wao kaburini. Walevi walimtania: "Mzee, mpe na nyama, amekonda!" Naye alicheka. Bi Kalunde alidhani ni mzaha wa kilabuni. Alichogombana nacho ni sisimizi tu waliofuata pombe ile.

Jioni ile Mihayo alipokea kata yake, akaenda ukutani. Palipokuwa na picha palibaki alama ya udongo mweupe.

"Amehamia wapi?"

"Nimeuza, baba. Zote. Nitaleta nyingine, mpya, zinang'aa."

"Hukujua namwagia nani hapa?"

"Nilijua unamwaga. Sikuuliza."

Mzee aliinua kata. "Sasa nimwage wapi, mwanangu?"

Akaiweka kata chini ikiwa imejaa, akachukua fimbo yake, akatoka.

Asubuhi Bi Kalunde alinunua picha ya mwanamke mwingine, mzuri, ana hereni, akampelekea nyumbani. Mihayo aliitazama kwa adabu.

"Mzuri. Lakini huyu ni mtoto wa watu, mama. Kaa, ule karanga."

Bi Kalunde akala karanga zile, akarudi na picha yake.

Mihayo hakurudi kilabuni. Alifariki mvua za kwanza. Siku zake za mwisho alilalamika kuwa sura ya binti imemtoka, imebaki kanga, kama kwamba macho yake yalibebwa na picha ile. Mnunuzi alitafutwa, hakupatikana. Picha huenda iko hotelini, watu wanapita mbele yake na masanduku. Wanywaji walihamia kilabu cha ng'ambo ya reli mmoja mmoja, bila ugomvi. Bi Kalunde aliezeka, akakaa chini ya bati jipya na mabenchi matupu, kisha akafunga, akarudi kwao Nzega. Huko walipomuuliza biashara ilikufaje, alikuwa na jibu moja tu, hadi alipozikwa: auzaye picha huuza na macho.