Kofia Moja ya Bi Mize

Sogeeni, mtusaidie kuhukumu. Kesi hii imeushinda ukoo wetu.

Shekuwe alijaliwa kushtuka mapema. Daktari Mwakio alijaliwa mikono isiyotetemeka. Bwana Shee alijaliwa ulimi usioona haya. Wote watatu walikutana kwenye jicho moja.

Lilikuwa jicho la Bi Mize, mke wa Bwana Shee, mshona kofia za vito, zile zinazotobolewa na kudariziwa kwa mkono. La kushoto lilikufa kwa surua utotoni, likabaki hili la kulia. Asubuhi moja akauliza, "Nani katundika pazia hapa pembeni?"

"Uchovu huo, lala," wakamwambia wenzake.

Shekuwe, mtoto wa kaka yake, akasema, "Shangazi, hapa hapana pazia. Vaa buibui twende hospitali."

Daktari Mwakio akakuta utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea nuru, umechanika na kubanduka. Akamlaza chali, akatia jichoni kioevu kizito kuliko maji. Kikazama, kikaukandamiza utando mahali pake. Akaziba tundu kwa leza, akakitoa kile kioevu, kisha akajaza mafuta maalumu.

"Mafuta haya huelea," akasema. "Kaa umeinamisha uso, yausukume utando nyuma. Ukiuinua uso, kazi yangu itaharibika."

Lakini kwetu mgonjwa hutazamwa, na mgeni hupokewa kwa uso. Kila hodi, Bi Mize alitaka kuinuka. Bwana Shee akatandika mkeka, akaamuru kila mgeni alale kifudifudi ndipo asalimie. Hata kaka wa Bi Mize hakusamehewa.

"Shemeji, kanzu hii imepigwa pasi!"

"Basi irudishe nyumbani ingali safi. Salamu za mke wangu ziko sakafuni."

Akalala, kanzu na yote. Bi Mize akacheka, uso chini.

Utando ukashika. Mafuta yalipotolewa, Bi Mize akatunga uzi sindanoni mwenyewe, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Akaweka nadhiri: atashona kofia moja ya mwisho, ampe aliyemwokolea jicho.

"Bila mimi ungechelewa," akasema Shekuwe.

"Ungewahi, ukafika kwa nani?" akauliza daktari.

"Na hayo mafuta yangefanya nini, kama angeinuka kumpokea kila mgeni?" akasema Bwana Shee.

Kofia ya vito haikatwi kabla kichwa hakijapimwa. Kitambaa kiko tayari, na Bi Mize ameshika uzi wa kupimia, anawatazama watatu hao kwa jicho lake zima.

Je, wewe ungempima nani?